Gari Limekumbukwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimewagombeza watoto wa watu kwa kosa moja tu: kutosoma swali mpaka mwisho. Nimepiga meza, nimevunja chaki, nimewaambia wazazi ana kwa ana kwamba mtoto wao ana akili lakini haraka itamponza. Kwa hivyo nikianza kusimulia mambo ya gari la Mama, najua kuna watu mtaani kwetu Langoni watakaocheka kabla sijafika kati. Wana haki. Wengi wao niliwasomesha mimi.

Gari lenyewe si gari la kusema gari. Ni kile kigari cha umeme cha magurudumu matatu, kiti kimoja, usukani kama wa baiskeli, kikapu mbele na honi inayolia kama kifaranga kilichokanyagwa. Ni chekundu. Wazungu wazee hukitumia kwendea madukani. Lakini Mama alikiita gari tangu siku ya kwanza, na katika mji ambao magari ya magurudumu manne huyahesabu ukayamaliza, nani angembishia?

Alilipata kwa sababu ya nyonga. Alianguka kwenye ngazi zilizorowa, mfupa ukavunjika, akapasuliwa Mombasa, akarudi na fimbo na amri ya daktari kwamba ngazi sasa basi. Tukamhamishia kitanda chumba cha chini, karibu kabisa na mlango wa nje. Akakaa humo miaka minne. Tuliazima kiti cha magurudumu cha kusukuma, tukamtoa nacho mara moja. Kilikwama kwenye mtaro, kikainama, Mama akamwagika nusu, akaokolewa na muuza samaki. "Kirudisheni kilikotoka," akasema. "Sitaki kuuawa na kiti."

Ilikuwa inaniuma, nisiseme uongo. Mama yangu ni mtu wa watu. Harusi haikuwa harusi bila yeye kukosoa biriani. Na zaidi ya harusi kulikuwa na dada yake, Mama mkubwa, anayekaa upande wa Mkomani, mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye magoti yake. Mama mkubwa naye magoti hana. Tangu afiwe na mumewe hakuwa ametoka nyumbani miaka sita. Basi dada wawili, mji mmoja, adhana moja wanaisikia, na hawajaonana kwa mato yao miaka minne! Walikuwa wakipigiana simu kila asubuhi na kugombana. Mama mkubwa amemzidi Mama miaka miwili, na hiyo miwili ameifanya kama ishirini.

Ndipo ndugu yangu aliyeko Maskati akakiona hicho kigari dukani. Aliniambia nimpimie upana wa ndia, njia ya kwetu, nikaipima kwa leso kwa kuwa sikuwa na kitu kingine: leso moja na kipande. Akanunua, akaandikisha namba yangu ya simu kama ndiyo ya mwenye gari, akakipakia. Kikaja Mombasa kwa meli, Mokowe kwa basi, kikavushwa kwa mashua, kikapandishwa gatini na wachukuzi sita wanaopiga kelele kama wamebeba sultani. Fundi wetu akaagiza vipande vinne vya mbao kutoka Matondoni, akavichonga mteremko, akaviweka kila penye ngazi na kila penye mtaro mkubwa, kutoka mlangoni kwetu hadi kwa Mama mkubwa.

Huyo fundi nimtambulishe kabisa. Ni jirani yetu wa nyuma, hutengeneza mafriji na feni, ni mtu mzima mwenye mvi za ndevu. Nilimsomesha darasa la sita. Alikuwa hasomi swali mpaka mwisho.

Alhamisi ya kwanza Mama alivaa buibui lililopigwa pasi, akatia tambuu na popoo kikapuni, akakaa kitini, akasema Bismillahi, akabonyeza. Mimi nilikwenda nyuma yake mbiombio. Alipiga honi kwa kila punda, na hakuna punda hata mmoja aliyejali. Wachukuzi wa mchanga wakapiga mbinja: "Bi, gari lako moto!" Mama akainua mkono kama mkuu wa wilaya. Tulipofika Mkomani, Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani anangoja. Walitazamana. Mama mkubwa akasema, "Umenenepa." Mama akasema, "Na wewe umezeeka." Kisha wakakumbatiana, na mimi nikageukia ukuta nikajifanya nasoma tangazo la dawa ya mbu.

Ikawa ndiyo ada. Kila Alhamisi baada ya alasiri Mama huenda kwa dada yake, wanasoma Yasini, wanatafuna tambuu, wanasengenya watu waliokufa na walio hai kwa haki sawa, na kabla ya magharibi anarudi. Uso wake ulibadilika. Akaanza kutaka wanja. Ndani ya wiki, siku nyingine zote, gari hukaa chumbani kwake kando ya kitanda, waya umechomekwa ukutani, linachaji. Alipenda kuona ile taa ndogo nyekundu ikigeuka kijani. "Limeshiba," husema.

Siku moja nikapata ujumbe kwenye simu kutoka kwa watu waliotengeneza gari. Ulikuwa wa Kizungu na nilikuwa na madaftari arubaini na tatu ya kusahihisha, nikabonyeza pale palipoandikwa "tafsiri". Kiswahili kikaja hiki, neno kwa neno, maana sitakisahau: "Mpendwa mteja. Gari lako limekumbukwa. Tumelikumbuka kwa sababu ya moto. Utapokea betri mpya bila malipo." Chini yake palikuwa na "soma zaidi". Sikusoma zaidi.

Nilimsomea Mama kwa sauti. Yeye alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Wamenikumbuka?"

"Wamelikumbuka gari."

"Si mimi ndiye mwenye gari? Wamenikumbuka! Wako huko nti za watu, hawanijui hawanioni, na wamenikumbuka. Na ndugu zako wengine hapa hapa hawanikumbuki hata kwa ratili ya sukari." Akafikiri kidogo. "Kwa sababu ya moto?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi habari zimewafikia. Si unasikia wale vijana wa mchanga kila siku? Gari moto, gari moto. Lo! Dunia imekuwa ndogo."

Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikaona maneno yana mantiki. Kwetu mtu akisema amekumbukwa, maana yake ni moja: ameletewa kitu. Mtoto akipeleka kilo ya tende kwa shangazi yake, shangazi husema, "Ahsante, umenikumbuka." Kampuni inampa mzee betri bure. Sasa hiyo kama si kumkumbuka ni nini? Nikaona hata haya kwamba nimewafikiria vibaya Wazungu, au Wachina, au wowote wale walio huko. Nikaandika jibu: "Ahsanteni sana kwa kutukumbuka. Mama amefurahi na anawakumbuka katika dua."

Kabla ya adhuhuri wakajibu. Nikatafsiri: "Tafadhali tujulishe, je, moto umepatikana?"

Nikamuuliza Mama. Mama akasema, "Waambie umepatikana, na unazidi."

Nikawaandikia hivyo. Haki ya Mungu niliwaandikia hivyo hivyo: "Umepatikana, Alhamdulillahi, na unazidi kila siku."

Mama alikwisha kuchukua simu yake kumpigia dada. Nilimsikia kutoka jikoni. "Watu wa gari wamenikumbuka," anasema. "Ndiyo, wale wenyewe waliolitengeneza. Na wewe nani kakukumbuka?" Alilirudia hilo mara tatu, kwa raha.

Simu yangu ikaanza kulia. Ujumbe mmoja, wa pili, wa tatu, mfululizo, herufi kubwa tupu, na baadaye namba ya ng'ambo ikapiga ikakata ikapiga. Nikababaika. Nilipojaribu kutafsiri, simu ikaniletea "ONDOKA ONDOKA" na kitu kuhusu wazima moto. Nikadhani ni matapeli. Nikaichukua simu, nikaenda nayo nyuma kwa fundi, nikamwambia, "Hebu nisomee hii, wewe unaijua lugha ya mitambo. Hawa walikuwa wanatukumbuka vizuri, sasa wameingiwa na nini?"

Fundi alisoma ule ujumbe wa kwanza, wa Kizungu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika friji. "Mwalimu," akasema, "neno lao hili lina kazi mbili. Ni kukumbuka jambo. Na pia ni kukiita kitu kirudi kwa aliyekitengeneza, kwa kuwa kimeonekana kina ila. Simu yako imechagua ile ya kwanza. Hawakuwakumbuka nyinyi. Wanaliita gari lao lirudi."

"Lina ila gani?"

Akabonyeza pale pa kusoma zaidi. Akasoma. Kicheko kikamtoka usoni chote. "Betri iko wapi sasa hivi?"

"Iko chumbani kwa Mama. Inachaji."

Sijawahi kumwona mtu mzima akiruka kizingiti namna ile. Mimi nyuma yake, kiatu kimoja. Alipoingia kwa Mama hakupiga hodi, akaenda moja kwa moja ukutani akachomoa waya. Kisha akainama, akaigusa betri kwa mgongo wa mkono, akautoa haraka.

"Lo, mbona unaniingilia chumbani kama polisi?" Mama akasema kutoka kitandani.

Fundi aliifungua betri kutoka chini ya kiti, akaitoa kwa kitambaa, akanionyesha. Ilikuwa imefura kama andazi. Pale waya unapoingia, plastiki ilikuwa imeiva, rangi ya chai ya rangi, na imenata. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya chini ili Mama asisikie: betri za mkupuo ule zina kosa ndani, zikichajiwa mara nyingi hupata joto zenyewe, na zikishika moto hazizimiki kwa maji. Watu wa gari wamesema lisitumike hata siku moja, lisichajiwe ndani, na betri iwekwe nje, mita tano kutoka jengo lolote, mpaka mpya ifike.

Nilitazama juu. Dari letu ni la boriti za babu wa babu yangu, kavu kama biskuti. Nikatazama mlango, mmoja tu, na gari lilikuwa kati ya mlango na kitanda. Nikamtazama Mama, ambaye hawezi kusimama bila kushikwa. Kila siku nilikuwa nikimwacha hapo na kile kitu, naenda kusomesha sarufi. Niliogopa mpaka nikakaa chini sakafuni. Nilitaka kulia na nikalia.

"Kwani kuna nini?" Mama akauliza. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi," fundi akamwambia. Kisha akanigeukia, na simsamehe mpaka leo. "Mwalimu," akasema, "swali husomwa mpaka mwisho."

Sasa kazi ikawa mita tano. Yule aliyeandika mita tano hajakanyaga Langoni. Kwetu ukitoka mlangoni umeshafika kwa jirani. Nilitoka na utepe wa kupimia wa mshona nguo, fundi amebeba betri kwenye sufuria ya mchanga, tumeinyanyua mbele yetu kama wali wa harusi, na watu wanauliza, "Mnapeleka wapi chakula?" Tulipima njia panda ya msikiti: mita mbili na nusu, ukuta hadi ukuta. Tulipima uwanja wa nyuma wa madrasa: mita nane, lakini katikati ya mita nane ni nne, na nne si tano. Hapo nikaanza kubishana na fundi kama nne na ushei haitoshi, naye akasema yeye hasomi swali nusu, mimi ndiye nisomaye nusu.

Watu walikuwa wameshakusanyika. Mmoja akanong'ona neno ambalo katika nti hii yetu hulisemi hovyo. Nikamkemea kwa sauti ya darasani: "Ni betri! Betri ya mama yangu! Usituletee askari!" Mwisho tukapata gofu, nyumba iliyoanguka zamani karibu na pwani, kuta zake zimebaki magotini, ndani mna paka na mbuzi wa mtu. Tukapima katikati: mita sita kila upande. Tukamfukuza mbuzi, tukaweka sufuria juu ya mawe, fundi akazungushia kamba. Kisha nikawaandikia watu wa gari kwa mkono wangu, kwa Kizungu changu kibovu, kwamba moto haujapatikana na tunaomba radhi. Wakajibu kwamba betri mpya itakuja, lakini betri hazipandi ndege, itakuja kwa meli. Tungoje.

Kumwambia Mama ndiyo ilikuwa shida. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hawakunikumbuka," akasema.

"Mama, wamekuokoa. Si bora?"

"Ni bora," akasema. "Lakini si kukumbuka." Kisha akauliza lile alilolitaka hasa: "Na Alhamisi?"

Alhamisi ilikuwa kesho yake. Tulijaribu kulisukuma gari bila betri. Betri ikitoka breki hujifunga. Fundi akaifungua kwa nguvu, gari likawa halina breki kabisa, na njia ya kwenda Mkomani ina miteremko. Tulifika mteremko wa kwanza, Mama akaenda mbele kuliko sisi, akapiga ukelele, fundi akalizuia kwa mgongo. Tukarudi.

"Basi nikutafutie punda," nikamwambia. "Punda mpole, tunakushika huku na huku."

"Aka! Mimi? Nipandishwe punda kama gunia la simiti, Langoni nzima inanitazama? Juzi walikuwa wananipigia mbinja kwa gari. Hata! Bora nife humu."

"Basi mpigie dada yako umwambie gari limeharibika."

Hapo akageuza uso. Nikaelewa. Angemwambiaje, baada ya kumwuliza mara tatu nani kakukumbuka? "Mwambie nina mafua," akasema.

Nikampigia Mama mkubwa, nikamwambia Mama ana mafua. Alhamisi iliyofuata, mafua bado. Mama alikaa mlangoni alasiri nzima na buibui halikupigwa pasi. Mle chumbani alikuwa akiutazama ukuta pale waya ulipokuwa. Wanja aliuacha. Simu za asubuhi zikawa fupi, maana mtu mwenye mafua hawezi kugombana, na kama hawagombani hawana la kusema. Nikamlaumu kwa kiburi chake, akanilaumu kwa uvivu wangu wa kusoma, tukanuniana ndani ya nyumba moja, nampa chai bila neno, anaipokea bila neno. Nilikuwa na hasira naye, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Mama alikuwa amerudi mule alimokaa miaka minne, na safari hii aliona mlango ulivyo karibu.

Alhamisi ya tatu nilikuwa nakuna nazi. Nikasikia kelele inapanda kutoka upande wa msikiti. "Simile! Simile! Ndia!" Hiyo si ajabu, punda hupita kutwa. Lakini kelele ilikuwa na salamu za kuamkia wakubwa ndani yake. Watu walikuwa wanasema, "Nashika moo, Bi! Nashika moo!" na sauti ya mwanamke ikijibu kila mmoja kwa zamu. Nikatoka na kifuu mkononi.

Punda alikuwa wa mchanga wa ujenzi, nimjuaye, mwenye sikio lililochanika. Mwenye punda, mtu mzima mwenye heshima zake, alimshika kichwa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamshika aliyepanda. Juu ya magunia matatu na mto wa kulalia wenye foronya ya maua, kwa upande, ameshikilia kikapu cha tambuu kifuani, alikuwa Mama mkubwa. Watu walikuwa wamesimama barazani kote. Hakuna aliyecheka. Wazee wawili walikuja kumbusu mkono.

"Yuko wapi mgonjwa?" akasema.

Punda akasogezwa kwenye baraza yetu, naye akashuka juu yake kama anayeshuka kitandani. Tukamshika, tukamwingiza. Mama alikuwa amekaa kitandani, mdomo wazi, mkono unatafuta ushungi.

"Mafua gani ya Alhamisi tatu?" Mama mkubwa akamwuliza kabla hajakaa. "Na sauti kwenye simu haina hata kamasi! Umenifanya mtoto?"

Mama akatazama chini. "Gari limeharibika," akasema.

"Si limekumbukwa?"

"Limekumbukwa. Lakini si kukumbukwa kule."

Ikabidi nieleze mimi, kila kitu: neno lenye kazi mbili, moto uliopatikana na kuzidi, dua, utepe wa mshona nguo, mbuzi. Mama mkubwa alicheka mpaka tukampa maji. Na Mama naye, ambaye hakuwa amecheka wiki mbili, akaanza kidogo kidogo puani, kisha akashindwa. Nikawaacha wacheke. Nilikuwa na nazi yangu.

Nilipoingia na kahawa, kicheko kilikuwa kimekwisha. Mama mkubwa alikuwa ameshika mkono wa mdogo wake juu ya shuka, anausugua kwa dole gumba.

"Mimi nimekaa miaka sita nasema magoti," alikuwa akimwambia. "Magoti yanauma, sikudanganyi. Lakini punda wamejaa mji huu tangu nizaliwe. Nilikuwa naona haya. Nilisema watu watasema mke wa fulani, ajuza, kapandishwa juu ya punda wa mchanga. Miaka minne wewe umo humu umevunjika, na mimi nakupigia simu. Kisha ukawa wewe ndiye unayekuja kwangu, nami nimekaa barazani nangoja kama bibi harusi. Alhamisi ya kwanza nikasema atakuja. Ya pili nikasema atakuja. Ya tatu ndiyo yeo, nimeamka nikajiambia: ndugu yangu atakufa hapo Langoni, na mimi nitakuwa nimekaa naona haya ya punda."

Mama aliinua ule mkono aliokuwa ameshikwa nao, akauweka kwenye shavu lake, akauacha hapo. Kahawa ikapoa, nikaenda kuipasha.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi, baada ya alasiri, "Simile! Ndia!" na punda mwenye sikio lililochanika mlangoni. Mwenye punda alimtafutia Mama mkubwa tandiko la kweli. Langoni ikazoea. Na kuna bibi wawili wengine, siwataji, ambao ghafla nao wameonekana juu ya punda wakienda kwa jamaa zao, baada ya miaka ya magoti.

Betri mpya ilifika miezi kadhaa baadaye, ndani ya sanduku lenye maandishi pande zote. Niliyasoma yote, pande zote, hata chini. Watu waliotumwa kutoka Mombasa waliichukua ile mbovu kwenye gofu, wakaitia kwenye pipa lao, mbuzi akarudishiwa nyumba yake. Fundi akaifunga mpya, akalijaribu gari ndiani, honi ikalia kama kifaranga. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na nusu. Nilikimbia kumwambia Mama, furaha imenijaa. Nilidhani ataruka, kwa nyonga ile ile.

"Mama, liko tayari! Limeshiba! Vaa, nikupeleke Mkomani, tumtie dada yako hofu."

Alikuwa ameshavaa. Buibui limepigwa pasi, wanja machoni, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, na tambuu ameshaikunja, mbili.

"Liweke," akasema. "Nitalipanda Alhamisi ijayo. Yeo si zamu yangu kwenda." Akainamisha kichwa kidogo upande wa msikiti, anasikiliza ndia. "Yeo ni zamu yangu kukumbukwa."